Chui Aliyebishana na Kaskazi

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye mwaka wa pili na unasubiri kupangiwa shule ya BTP, naomba nianze kwa kukiri kosa.

Mwaka jana mwezi wa saba nilipangiwa Samunge, kijiji cha Wabatemi huko Ngorongoro, kile kile ambacho mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya siku kadhaa watu wakienda kunywa kikombe cha Babu. Mimi ni mtoto wa Karatu. Ukiangalia ramani utadhani ni kwa jirani. Acha kabisa. Gari linashuka mpaka Mto wa Mbu, linakata vumbi hadi Engaresero karibu na Ziwa Natron, halafu linapanda ukuta wa Bonde la Ufa kona kwa kona, na kila kona unakumbuka madeni yako. Zishike hizo kona kichwani, tutazihitaji.

Nilipewa Kidato cha Pili, wanafunzi 54, somo la Historia. Mada ilikuwa Afrika na ulimwengu wa nje, kipengele cha pepo za msimu. Nilifundisha kama mimi nilivyofundishwa: kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi ikitoka kaskazini mashariki, huleta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba ikitoka kusini, huyarudisha kwao. Nikachora ramani na mishale miwili. Nikauliza kama kuna swali, nikitegemea kile kimya chetu cha kawaida.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, chombo kikichelewa je? Kikitaka kwenda kaskazini na upepo unatoka huko huko kaskazini, kinafanyaje?"

Sikujua. Bahari yenyewe nimeiona nikiwa na miaka 20, pale Kivukoni, nikisubiri pantoni. Lakini nilikuwa mbele ya darasa, nimevaa tai, na mwalimu aliyevaa tai anaona aibu kusema sijui. Nikajibu haraka: "Wanakunja matanga, wanapiga makasia mpaka wafike." Nikageukia ubao. Nyuma yangu nikasikia kalamu zikiandika.

Jioni nikakusanya madaftari nisahihishe. Daftari la kwanza: makasia. La pili: makasia. La kumi: makasia, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Ndipo nikaelewa jambo ambalo hakuna mhadhara ulionifundisha: kosa la mwanafunzi linakaa kwenye daftari moja, la mwalimu linakaa kwenye madaftari 54, na mwezi wa kumi na moja linakwenda kwenye mtihani wa taifa.

Usiku ule nilipanda kilima ambako mtandao unashika, nikaanza kutafuta. Nilitaka chombo kimoja cha kweli, chenye jina na tarehe, kilichowahi kukutwa na jambo lile aliloliuliza yule binti. Nikakipata. Ni manowari ya Uingereza iliyoitwa Leopard, yaani Chui. Makala hii ni somo nililolijenga juu ya manowari hiyo. Lichukue, lipunguze, liongeze, ulitumie.

1. Chui aliyechelewa kuzaliwa

Leopard iliagizwa mwaka 1775 na mkuku wake ukalazwa huko Portsmouth mwaka 1776. Mkuku ni ule mti mkubwa wa chini ambao chombo chote kinaujengea, kama uti wa mgongo. Kwa kawaida meli ya aina hiyo ingekamilika katika miaka michache. Hii haikukamilika. Mwaka 1785 mataruma yake, yaani mbavu zake, yalihamishiwa karakana ya Sheerness ujenzi uendelee huko, na ikashushwa majini Aprili 1790. Piga hesabu: miaka 14 tangu mkuku hadi maji. Wanafunzi wangu walicheka sana hapo, kwa sababu kila kijiji kina jengo lake la namna hiyo, lililoanza kwa shangwe na sasa mbuzi wanalala ndani.

Ilikuwa na sitaha mbili za mizinga. Chini mizinga 22 mikubwa, kila mmoja ukirusha risasi ya chuma ya ratili 24, karibu kilo 11. Juu yake mizinga 22 ya ratili 12. Omo na shetri zikagawana mizinga midogo sita. Jumla 50. Urefu wa sitaha ya mizinga ulikuwa karibu mita 45 na upana mita 12 na kidogo. Humo walipaswa kuishi watu wapatao 350.

Kwa darasa usiishie kutaja mita. Watoe nje. Sisi tulipima kwa kamba uwanja wa shule: mita 45 kwa 12. Nikawaambia darasa zima waingie ndani ya kamba, halafu wajizidishe mara sita na nusu, waongeze mizinga 50, mapipa ya maji, kamba, nyama ya chumvi na baruti. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hapa hata mbuzi wangegoma."

Naam. Waligoma.

2. Mgomo wa 1797

Wasomaji wa gazeti hili mnajua habari za migomo, kwa hiyo hapa nitakwenda taratibu.

Mwaka 1797 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa. Mishahara ya mabaharia wa jeshi lake ilikuwa haijapandishwa tangu katikati ya karne ya 17, na hata hiyo kidogo ilicheleweshwa. Wengi wao hawakuja kwa hiari: kulikuwa na vikosi vilivyopita bandarini kukamata wanaume na kuwatia melini kwa nguvu, kwa mujibu wa sheria. Wakishaingia, ruhusa ya kwenda nyumbani ilikuwa ndoto na kiboko kilikuwa jirani.

Aprili mwaka huo mabaharia wa kituo cha Spithead waligoma. Walikuwa na madai machache yaliyo wazi, walichagua wawakilishi kutoka kila meli, waliendelea kuwaheshimu maofisa waliostahili, na waliahidi kwamba adui akitokea watatoka kupigana. Walipata nyongeza ya mshahara na msamaha wa mfalme. Mwezi uliofuata wenzao wa kituo cha Nore, mlangoni mwa Mto Thames, nao wakagoma. Leopard ikawa miongoni mwa meli za mgomo huo. Hawa wa Nore walidai zaidi, wakafikia hatua ya kuziba njia ya meli za biashara kuingia London. Huruma ya umma ikawageuka, serikali ikakata chakula, na ndani ya meli zenyewe watu wakaanza kugawanyika.

Juni 9, 1797 Leopard na meli nyingine, Repulse, zilijitoa kwenye mgomo. Wenzao wa jana wakazifyatulia mizinga. Repulse ilikwama kwenye mchanga huku ikipigwa. Leopard ikaponyoka, ikaingia mtoni. Baada ya hapo mgomo ukamomonyoka siku hadi siku. Kiongozi wake, Richard Parker, alinyongwa Juni 30, na wenzake zaidi ya 20 wakamfuata.

Darasani niliuliza: Leopard ilikuwa msaliti, au ilikuwa na akili? Nilidhani watajibu kwa kelele. Walinyamaza kwanza. Halafu mmoja akauliza, "Ndani ya Leopard wote walikubali kuondoka?" Swali zuri kuliko langu. Tunaposema meli iliamua, tunaficha watu 350 ambao wengine walitaka kubaki, wengine kuondoka, na wengine walikuwa wanatafuta upande wenye usalama tu. Tuwe waangalifu na sentensi za aina hiyo, pamoja na zile tunazozisema wenyewe: "wanafunzi wameamua", "chuo kimeamua". Nani hasa?

3. Kaskazi

Sasa tufike kwenye swali la yule binti.

Julai 1798 Napoleon Bonaparte alitua Misri na jeshi lake. Agosti 1 Admirali Nelson aliziangamiza meli za Wafaransa karibu na Iskandaria, lakini jeshi lenyewe lilibaki nchi kavu, na Waingereza waliogopa lingeshuka Bahari ya Shamu na kuelekea India, ambako Kampuni ya India Mashariki ilikuwa na mali zake. Wakamtuma kamanda John Blankett aende kuziba mlango wa bahari hiyo. Alipanda Leopard, akifuatana na meli ndogo zaidi, Daedalus na Orestes.

Mfereji wa Suez haukuwepo. Ulifunguliwa mwaka 1869. Ilibidi wazunguke Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, halafu wapande pwani yetu kuelekea kaskazini. Wakafika kwenye maji ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 1798. Mwenye ramani yenye mishale miwili anajua tayari kilichowangoja.

Kaskazi ilikuwa imeshaanza. Na si upepo tu. Katika miezi hiyo, pwani ya Somalia, maji yenyewe hugeuka na kutiririka kuelekea kusini. Meli inasukumwa usoni na upepo na inavutwa miguuni na mkondo.

Inafanyaje? Haikunji matanga, na haipigi makasia. Manowari ya tani zaidi ya 1,000 utaipigia makasia hadi lini? Inakwenda kwa kupinda. Inaelekea upande mmoja, upepo ukiipiga ubavuni kwa mbele. Inasonga kidogo juu. Inageuza, inaelekea upande wa pili. Inasonga kidogo tena. Mabaharia wa pwani wana neno la kazi hii: kupiga bisha. Ndiyo, bisha hiyo hiyo tunayobishana nayo mabwenini. Chombo kinabishana na upepo: hakiwezi kuupita usoni, kwa hiyo kinaujia kwa ubavu, huku na huku.

Hapo nikarudi kwenye kona za ukuta wa Bonde la Ufa. Niliuliza darasa, kwa nini barabara ya kutoka Engaresero haipandi moja kwa moja? "Gari litashindwa, Mwalimu." Basi na Leopard vile vile. Kona ni bisha ya nchi kavu.

Lakini kuna tofauti, na ndiyo iliyomuumiza Blankett. Jahazi lenye tanga la pembe tatu linaweza kuukaribia upepo vizuri zaidi. Leopard ilikuwa na matanga ya mraba, yanayoning'inia kwenye foromali zilizokatiza mlingoti, na meli ya namna hiyo haiwezi kuukaribia upepo zaidi ya nyuzi 67 hivi. Leta hisabati ya Kidato cha Pili: kwa pembe hiyo, ili isogee kilomita moja mbele ni lazima itembee zaidi ya kilomita mbili na nusu. Hapo bado hujahesabu kusukumwa pembeni na mawimbi, wala mkondo unaoirudisha nyuma usiku kucha. Siku nyingine inatembea kutwa nzima, asubuhi ikiangalia nchi kavu inaona kilima cha jana. Ni kama gari linalopanda kona zile huku barabara yenyewe inateremka chini ya magurudumu.

Walibishana hivyo kwa wiki nyingi. Mwisho manowari yenye mizinga 50, ya jeshi la baharini lenye nguvu kuliko yote duniani wakati ule, ilirudi kusini. Februari 1799 wakatia nanga Unguja, wakihitaji maji na chakula.

Nataka utulie hapo, kwa sababu picha tuliyonayo vichwani kuhusu manowari za Uingereza na Zanzibar ni ile ya karne ya 19: zinakuja kuamuru, kukamata majahazi ya watumwa, na mwaka 1896 kuipiga ikulu kwa dakika zisizofika hata saa moja. Februari 1799 mambo yalikuwa mengine. Waliofika walikuwa watu waliochoka, wenye mapipa matupu. Mji ulikuwa chini ya gavana wa Oman, ambako Sayyid Sultan bin Ahmed alikuwa akitawala, na ngome ile tunayoiita leo Ngome Kongwe ilikuwa imeshasimama pale ufukweni. Mwinyi Mkuu naye alikuwa na watu wake kisiwani. Wenyeji waliokaa kwenye baraza za mji walijua jambo ambalo maofisa wale wote na ramani zao walikuwa wamelipuuza: mwezi ule hakuna mtu mwenye akili anayekwenda kaskazini. Unangoja.

Tena hawakuja kwa ajili ya watumwa. Biashara ya utumwa ilikuwa ikiendelea Unguja, na Uingereza yenyewe ilikuwa bado inaifanya kihalali katika Bahari ya Atlantiki. Sheria yao ya kuipiga marufuku ilipitishwa mwaka 1807. Leopard ilitafuta maji, ikaangalia, ikaondoka. Habari hizi tunazo kwa kuwa afisa wa msafara huo, Luteni Austin Bissell, aliandika safari yao, na ikachapishwa London mwaka 1806. Mwambie mwanafunzi wako hivyo pia: tunaiona Unguja kwa jicho la mgeni mwenye kiu. Amwamini anapotaja upepo na kina cha maji, kwa sababu maisha yake yalitegemea hayo. Anapowasema watu, aulize mara mbili.

Upepo ulipoanza kugeuka walipata njia, na Aprili wakawa kwenye mlango wa Bahari ya Shamu. Wafaransa hawakuwahi kushuka kwenda India. Walisalimu amri Misri mwaka 1801, na Blankett mwenyewe alifariki Julai mwaka huo huo, akiwa ndani ya Leopard, katika maji yale yale aliyotumwa kuyalinda.

Nyumba niliyopanga Samunge mwenyewe ni mzee wa Kibatemi. Jioni moja nilimsimulia habari hii. Wabatemi wana mifereji ya kumwagilia ya tangu zamani, na baraza la wazee wanaoitwa wenamiji ndilo linalogawa zamu za maji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, huyo mzungu alikwenda mferejini siku isiyo yake." Sikuongeza kitu. Kesho yake niliandika sentensi hiyo ubaoni.

4. Mapigano ya 1807

Sifa kubwa ya Leopard, au aibu yake, inatoka upande mwingine wa dunia.

Uingereza iliendelea kukosa mabaharia, na mabaharia wake waliendelea kutoroka, wengi wakijiunga na meli za Marekani zilizolipa vizuri zaidi. Juni 22, 1807, nje kidogo ya pwani ya Virginia, Leopard chini ya Kapteni Salusbury Humphreys iliisimamisha manowari ya Marekani iitwayo Chesapeake. Nchi hizo mbili hazikuwa vitani. Humphreys alidai kuipekua ili akamate watoro. Kamanda wa Chesapeake, James Barron, akakataa. Leopard ikafyatua.

Chesapeake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza safari ndefu. Sitaha yake ilijaa mizigo, mizinga haikuwa tayari, na hata moto wa kuiwashia haukuwepo. Ilifanikiwa kufyatua mzinga mmoja tu, na inasemwa kwamba luteni mmoja aliuwasha kwa kaa la moto alilolibeba kutoka jikoni. Kisha Barron akashusha bendera. Watatu walikufa papo hapo, 18 walijeruhiwa, akiwemo Barron mwenyewe, na mmoja wa majeruhi akafa baadaye.

Waingereza walichukua watu wanne. Jenkin Ratford, mzaliwa wa Uingereza, alinyongwa huko Halifax, Kanada, Agosti 31. Wengine watatu walikuwa Wamarekani: William Ware, Daniel Martin na John Strachan. Martin anatajwa katika nyaraka za wakati ule kuwa mtu mweusi. Walihukumiwa viboko 500 kila mmoja, adhabu ambayo haikutekelezwa, wakafungwa. Ware alikufa hospitalini Halifax. Martin na Strachan walirudishwa mwaka 1812, wakakabidhiwa juu ya sitaha ya Chesapeake ile ile walikochukuliwa.

Marekani ilichemka. Rais Thomas Jefferson hakutaka vita. Desemba 1807 likapitishwa zuio la biashara ambalo liliwaumiza zaidi Wamarekani wenyewe. Barron alisimamishwa kazi miaka mitano. Vita vikaja kweli mwaka 1812, na kukamatwa kwa mabaharia ilikuwa moja ya sababu zake.

Unaona uzi? Mwaka 1797 watu wa Nore walisema: tunakamatwa kwa nguvu, tunacheleweshewa malipo, hatupewi ruhusa. Walinyongwa, lakini tatizo halikunyongwa. Miaka kumi baadaye tatizo lile lile likatoka nje na kuivuta nchi kwenye ugomvi na nchi nyingine, na meli iliyotumika ni ile ile iliyojitoa kwenye mgomo. Kiongozi anayezima madai bila kuyajibu anayahamisha tarehe tu.

5. Ukungu

Mwaka 1812 Leopard, sasa mzee, ilifanywa meli ya kubeba askari. Juni 28, 1814 ilikuwa inakwenda Quebec na askari 475. Katika ukungu mzito ikapanda mwamba wa kisiwa cha Anticosti, kwenye Ghuba ya Mtakatifu Lawrence. Watu wote waliokoka. Meli haikuokoka.

Migomo, mizinga na vita havikuiua. Iliuawa na hali ya hewa na mwamba. Chesapeake, kwa upande wake, ilitekwa na Waingereza mwaka 1813, na mbao zake zikaja kujengea kinu cha kusagia nafaka huko Wickham, kusini mwa Uingereza. Manowari ikaishia kuwa mashine ya kusaga. Wanafunzi wangu waliona huo ndio mwisho mwema kuliko yote.

6. Siku ya kusahihisha

Nilipanga kulisahihisha kosa langu siku ya Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, likaingia gari na msimamizi kutoka chuoni. Wote mnajua: hawatoi taarifa. Andalio la somo nililokuwa nimekabidhi ofisini lilikuwa la mada mpya. Nikifundisha mada mpya, nina chati, nina kila kitu. Nikirudi nyuma kusahihisha, nakiri mbele ya anayenipa alama kwamba nilidanganya darasa.

Nilisimama ubaoni labda nusu dakika. Nikaona yule binti wa nyuma amefungua daftari, ukurasa wa makasia.

Nikasema, "Fungueni ukurasa wa juzi. Nilichowaambia kuhusu makasia si kweli. Sikujua, nikajibu kama najua. Kateni mstari mmoja, msikifute, ili mkumbuke kwamba hata mwalimu anasahihishwa." Halafu tukatoka nje na kamba.

Msimamizi aliandika kwamba sikufuata andalio, na ni kweli sikulifuata. Alama za kipengele hicho zilikwenda. Kabla hajapanda gari aliniuliza kitu kimoja: "Ile nyuzi 67 umeitoa wapi?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaniambia nimwandikie. Ndiyo hii makala ilivyoanza.

Wiki ya mwisho niliwapa jaribio. Swali la nne lilikuwa la chombo kinachokwenda kaskazini wakati wa kaskazi. Wanafunzi 47 kati ya 54 walieleza bisha, wengi kwa kuchora kona za Engaresero. Watatu bado waliandika makasia. Hao watatu ni wangu, na nimebaki nao kichwani mpaka leo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini msafara wa Blankett ulishindwa kupanda pwani mwishoni mwa 1798 lakini ukafanikiwa kufikia Aprili 1799. Taja upepo na mkondo.

2. Linganisha mgomo wa Spithead na ule wa Nore. Madai, uongozi na huruma ya umma vilichangiaje matokeo tofauti?

3. "Manowari za Uingereza zilikuja Zanzibar kukomesha utumwa." Tumia mwaka 1799 na mwaka 1807 kuipima kauli hii.

4. Chagua jambo moja ambalo wanafunzi wako wanaliona kila siku (mfereji, barabara, mnada wa mbuzi) ulitumie kufundishia kitu ambacho hawajawahi kukiona.

5. Mwanafunzi amekuuliza usichokijua na darasa zima linakutazama. Andika sentensi utakayoijibu. Iandike leo, ukiwa umekaa, kwa sababu siku hiyo hutapata muda wa kuitafuta.